Kapu la Vilivyokwisha

Arvo Hietala alikuwa mwanamume wa makamo, kifua kipana, ndevu nzito, na kesho yake aliijua kwa vidole. Ilikaa juu ya rafu ya mbao jikoni, karibu na mlango wa kutokea nje, imegawanywa vyumba vyumba kama sanduku la fundi la kuwekea misumari. Chumba cha kwanza kushoto kilikuwa na kijiko, maana yake uji wa shayiri na kahawa. Cha pili kilikuwa na kipande cha taulo, maana yake bwawa la kuogelea. Kikafuata kifungo cha mkanda wa gari, na vinginevyo, hadi mwisho wa mkono wa kulia, ambako palikuwa na kapu. Jambo likimalizika, kitu chake hutiwa kapuni. Hivyo ndivyo siku ilivyotembea, na Arvo, aliyezaliwa haoni na ambaye maneno marefu yalimchanganya tangu utotoni, hakupata kupotea ndani yake. Wapo watu wenye macho mawili na shahada tatu wanaopotea ndani ya Jumatatu moja. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Arvo zake alizichana vizuri.

Kisha ikaja mashine. Shirika lililoiendesha nyumba ile ya kutunzia watu wenye ulemavu, hapo mjini Thunder Bay, liliinunua kwa mbwembwe nyingi, na kusema kweli haikuwa mbaya. Ilikuwa sahani bapa ya plastiki, imewekwa mbele ya rafu, ina waya unaoingia ukutani. Kila kitu cha Arvo kilibandikwa kidude mfano wa kifungo cha shati. Ukikiweka kitu juu ya sahani, sahani inasema. Kijiko kilisema kwa sauti ya Ruthanne, mfanyakazi wa zamu ya mchana aliyekuwepo nyumbani pale miaka mingi kuliko zulia: "Chakula tayari, Arvo, njoo mezani." Kapu nalo lilikuwa na kidude chake chini. Ukitia kitu, linasema "Imekwisha," kwa sauti ya Colleen, msimamizi wa nyumba, kavu na ya kiofisi.

Lakini kitu alichokipenda Arvo kuliko vyote kilikuwa mpini wa kata, ile kata ya kumwagia maji juu ya mawe ya moto ndani ya sauna, chumba cha kuogea mvuke. Huo ulikuwa wa Jumamosi, una chumba chake peke yake. Kila Jumamosi kaka yake mkubwa, Toivo, alikuja na gari lake bovu kumchukua kwenda kambini, kwenye kibanda chake kando ya ziwa. Walikaa uchi kwenye benchi la juu, mvuke ukiwachoma masikio, Toivo akimwaga maji na kutukana wanasiasa, Arvo akicheka bila kumjua mwanasiasa hata mmoja. Siku ya kurekodi sauti, Toivo alikohoa kwanza kama mtu anayetaka kuhutubia bunge, kisha akasema, "Haya, bwana mkubwa! Ni Toivo. Vaa buti, sauna inapata moto!" Hapo Basil, mwenzake Arvo wa nyumba, kipofu naye na mtu wa mdomo mrefu, akadakia kutoka sebuleni, "Na soseji je?" Toivo akaangua kicheko, na kicheko chote kikaingia ndani ya mashine. Waliona si vizuri kukifuta.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyewahi kumwambia Arvo, kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba linahitaji kusemwa. Kila jioni baada ya chakula, Arvo akiwa bafuni anaoga, Ruthanne alivitoa vitu kapuni kimoja kimoja na kuvipanga upya kwenye rafu kwa ajili ya kesho. Arvo hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba kijiko kikiingia kapuni na kapu likisema imekwisha, asubuhi kijiko kiko mahali pake. Taulo likiisha, linarudi. Mpini ukiisha, unarudi kungoja Jumamosi nyingine. Kwake yeye, kwisha ilikuwa ndiyo njia ya vitu kurudi. Mtu akimwambia jambo limekwisha, alipumua kwa raha.

Toivo alianguka Jumanne asubuhi, mwezi wa theluji nzito, akifukua mbele ya gereji yake. Moyo. Jirani alimkuta, koleo bado liko mkononi.

Colleen ndiye aliyechukua mzigo wa kumwambia Arvo, na hapa nisimwonee: alikuwa mwanamke mwenye roho safi, na alijiandaa. Alijua kwamba mtu kama Arvo haambiwi marehemu amelala, asije akaogopa kitanda, wala haambiwi amesafiri, asije akangoja basi maisha yake yote. Anaambiwa neno lenyewe. Akaketi naye jikoni, akamshika mikono yote miwili.

"Arvo, nina habari mbaya. Toivo amekufa. Moyo wake umesimama. Hatarudi."

Arvo alilisikia neno. Hakuwa mgeni nalo. Musti, mbwa wa Toivo, alikufa, na siku ile pia walisema hatarudi. Majira ya kuchipua yaliyofuata Musti akawepo tena kambini, mdogo kidogo, meno makali zaidi, jina lilelile. Basi Arvo akaitikia kwa kichwa na kungoja yanayofuata.

Colleen akaona uso ule mtulivu na akaogopa kwamba neno halijaingia. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye kazi ile angelifanya. Aliuchukua mpini wa kata kutoka rafuni, akamshikisha, akauongoza mkono wake mpaka juu ya kapu, wakauachia pamoja.

"Imekwisha," kapu likasema.

"Aa," akasema Arvo, na mabega yake yakashuka. "Imekwisha. Haya. Kahawa?"

Baadaye, kwenye kibaraza, Colleen alimwambia Ruthanne, "Amelipokea vizuri, jamani: mabega yameshuka kwa raha, akaniomba kahawa. Mimi ndiye niliyelia, si yeye."

"Amelipokea vizuri mno," akasema Ruthanne. "Mimi silipendi hilo."

"Sasa ulitaka agaragare?"

"Sijui nilitaka nini. Nasema tu silipendi." Na kweli hakujua. Alikuwa na kitu kinachomkwaruza rohoni na hakuweza kukipa jina, akarudi ndani kuosha vyombo.

Kanisani, siku ya maziko, Elma, mjane wa Toivo, alimshika Arvo mkono akampeleka kwenye jeneza. Alitaka shemeji yake amguse nduguye kwa mara ya mwisho. Arvo alipapasa tai, akashangaa, maana Toivo hakuwa mtu wa tai. Akaufuata mkono mpaka vidoleni. Alisita. Akaushika kwa mikono yake yote miwili na kuusugua.

"Baridi," akasema kwa sauti iliyofika viti vya nyuma. "Toivo baridi sana. Sauna!"

Watu wa mabenchi ya mbele walicheka na kulia kwa pamoja, kama inavyotokea misibani, na wazee wawili walisema kwa Kifini kwamba maneno yale yalikuwa mazuri kuliko ya mchungaji. Hakuna aliyefikiri kwamba Arvo alikuwa akitoa taarifa. Alikuwa na wasiwasi wa kweli. Kaka yake ameganda, na Jumamosi bado haijafika. Baada ya ibada alikula vipande vitatu vya mkate wa iliki huku akiuliza kila aliyempita, "Jumamosi?" Wakampapasa bega na kumwambia pole.

Jumamosi ikafika. Arvo aliamka, akaenda rafuni, akapapasa chumba cha Jumamosi. Hapakuwa na mpini. Palikuwa na mpira mdogo wa raba. Colleen, kwa nia njema tena, alikuwa amepanga kwamba siku hiyo sasa itakuwa ya kwenda kuviringisha matufe kwenye ukumbi wa michezo, pamoja na Basil. Arvo aliugeuza mpira mkononi. Makosa haya. Akautia kapuni moja kwa moja.

"Imekwisha," kapu likasema.

"Ehe," akasema Arvo. Kisha akaingiza mkono kapuni, jambo ambalo hakulizoea, akachakura mpaka chini kabisa. Mpini ulikuwepo. Ruthanne siku zote hizo hakuthubutu kuutoa, wala hakuthubutu kuuficha. Arvo akaupangusa kwenye fulana yake na kuuweka juu ya sahani.

"Haya, bwana mkubwa! Ni Toivo. Vaa buti, sauna inapata moto!" Na soseji je, na kile kicheko.

Arvo akavaa buti. Akavaa koti, kofia, glavu. Akaketi kwenye benchi la viatu pembeni mwa mlango, taulo mapajani, akangoja gari bovu.

"Wewe bwana, Toivo si amekufa?" Basil akamwuliza kutoka sebuleni, ambako redio yake ilikuwa ikitangaza hoki.

"Ndiyo," akasema Arvo.

"Sasa nani anakuja?"

"Toivo."

Basil alifikiri. Alikuwa mtu wa kubishana hata na mtangazaji wa redio, lakini hili lilimshinda. "Haya, ukimwona mwambie ananidai soseji. Aa, hapana. Mimi ndiye ninayemdai." Akaongeza sauti ya redio.

Aliyekuja alikuwa Elma. Alileta mkate wa iliki, maana hakujua afanye nini na mikono yake siku hiyo. Kambini hakukuendeka. Barabara ya kule ilijaa theluji mpaka magotini, na aliyekuwa akiifukua ndiye yule aliyezikwa. Arvo alisikia mlango, akasimama mzima mzima.

"Toivo!"

"Ni mimi, shemeji. Elma."

"Toivo garini?"

Elma aliuweka mfuko wa mkate juu ya benchi. Arvo aliona, kama kuona kwake kulivyokuwa, kwamba shemeji yake hajaelewa, basi akamvuta mkono mpaka kwenye sahani ili asikie mwenyewe. Akauinua mpini na kuurudisha.

"Haya, bwana mkubwa! Ni Toivo..."

Elma alishika ukingo wa meza. Hakuwa amejua kwamba sauti ile ipo duniani. Nyumbani kwake simu ya Toivo ilikuwa imezimwa, viatu vyake vimepangwa, na kimya kimejaa kila chumba. Sasa mumewe alikuwa akicheka jikoni kwa watu, kutoka ndani ya sahani.

"Rudia tena, shemeji," akasema.

Arvo akaurudia. Wakasikiliza. Elma akaomba tena. Mkate ulisahaulika kwenye mfuko. Ruthanne alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, asijue aingie au atoke, na Colleen alipopita kuchukua funguo zake aliwakuta hivyo, mjane na mdogo mtu wamekaa bega kwa bega, Arvo na buti zake miguuni, wakimwita marehemu na marehemu akiitika.

"Hii si nzuri," Colleen akamwambia Ruthanne ukumbini, kwa sauti ya chini. "Anangoja mtu ambaye hayupo, na sisi ndio tunaomwita. Mashine yetu inamdanganya."

"Ukimnyamazisha Toivo, Arvo atafanyaje?"

"Atazoea."

"Wewe unajua atazoea, au unatumaini?"

Colleen alikunja midomo. "Ruthanne, kwani wewe una wazo gani jingine? Niambie nilifuate."

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kila mtu alimpenda Arvo na hakuna aliyejua Arvo anajua nini. Unaweza kumnunulia mtu sahani inayozungumza, lakini hakuna sahani ya kukuambia yeye amesikia nini. Jumatatu Colleen akampigia fundi, na fundi akauzima mpini kwa mtandao akiwa huko huko kwake, bila hata kuvaa viatu.

Jumamosi ya pili Arvo alichakura kapuni, akaupata mpini, akauweka.

Kimya.

Akauinua, akaupuliza, akauweka tena. Kimya. Akaweka kijiko, kujaribu. "Chakula tayari, Arvo, njoo mezani." Akaweka taulo. Taulo likasema lake. Akaweka mpini. Kimya. Akaupigapiga kwenye ukingo wa meza, kama Toivo alivyokuwa akikung'uta kata. Kisha akaufikisha sikioni mwake. Labda Toivo anasema polepole. Labda baridi imemkausha koo.

Akaenda nao sebuleni, akauweka kwenye sikio la Basil.

"Unanifanyia nini?"

"Sikia."

Basil akazima redio, jambo ambalo hakulifanya hata kwa daktari. Akasikiliza kwa muda wa kutosha. "Sisikii kitu, ndugu yangu. Na masikio yangu mazuri, unajua."

Akaja kwa Ruthanne, akamsogezea mpini shavuni, akiutafuta upande wa sikio. Ruthanne aliinamisha kichwa, akasikiliza mti ule unaonuka moshi, na aibu ikampanda mpaka machoni. "Umenyamaza, Arvo," akasema. "Wameuzima."

"Washa."

"Mimi si fundi."

Arvo akatafakari. Akavaa buti na koti, akaketi kwenye benchi la viatu, mpini mkononi. Kama Toivo hawezi kuita, basi ndiyo kwanza anahitaji kungojwa. Alikataa chakula cha mchana. Alikataa mipira ya kuviringisha. Colleen alijaribu kumvua koti na Arvo, ambaye hakuwa mtu wa fujo, alijikunja kama mlango uliotiwa komeo. Saa za kuoga zikafika, maji yakafunguliwa, Ruthanne akaita mara mbili, Arvo hakuinuka. Akamwacha. Colleen alikuwa ameshaenda kwake, na Ruthanne alichoka kiasi kwamba alisahau kuwa benchi lile liko hatua chache tu kutoka rafuni.

Akafanya kazi yake ya kila jioni. Mkono kapuni, kijiko juu, tak, kwenye chumba cha kwanza. Mkono kapuni, taulo.

Arvo alisikia. Tak ile aliijua. Ilikuwa sauti ya kijiko kugusa mbao, sauti ya mikono yake mwenyewe asubuhi, ila hii haikuwa mikono yake, wala haikuwa asubuhi. Akainuka polepole. Akaja mpaka rafuni, akanyoosha mkono, na vidole vyake vikatua juu ya mkono wa Ruthanne.

Ruthanne alishtuka, kisha akaendelea, kwa kuwa hakujua la kufanya jingine. Mkono wake ukashuka kapuni na mkono wa Arvo ukashuka nao, ukiwa juu yake. Ukashika kifungo cha mkanda. Ukapanda. Ukakiweka chumbani mwake. Ukashuka tena.

"Wewe?" Arvo akauliza.

"Ndiyo. Mimi."

"Wewe unarudisha?"

"Kila jioni, ukiwa unaoga."

Uso wa Arvo ulifunguka kwa furaha ambayo Ruthanne hakuwahi kuiona hata siku za soseji. Alicheka. Alimpiga Ruthanne begani kwa nguvu, mara mbili. Alikuwa amehangaika karibu wiki mbili na jambo ambalo halikumwingia akilini, na sasa lilikuwa rahisi kabisa. Vitu havirudi vyenyewe. Kuna mtu anayevirudisha. Na mtu huyo si mgeni, ni Ruthanne, anayempenda, aliyesahau tu, au ambaye hakuna aliyemwambia.

"Ruthanne!" akasema. "Toa Toivo."

Akaukamata mkono wake na kuusukuma kapuni.

"Arvo..."

"Toa. Toivo baridi."

Ndipo Ruthanne alipoelewa. Alielewa yote kwa mkupuo: ile "haya, kahawa?", na mkate wa iliki, na buti, na yale mabega yaliyoshuka kwa raha kapu liliposema imekwisha. Walimwambia kaka yake amekufa kwa lugha yake mwenyewe, na kwa lugha ile walimwahidi kwamba atarudi. Na yeye Ruthanne, kila jioni, alikuwa akiitimiza ahadi hiyo kwa vijiko na mataulo.

"Siwezi," akasema.

Arvo alidhani mkono haujafika chini. Akausukuma zaidi.

"Siwezi, Arvo. Sikiliza. Huu mpini, ile sauti yake, nitawaambia waiwashe. Kesho nitawaambia, na wasipotaka nitawapigia kelele mpaka watake. Hilo naweza. Toivo mwenyewe siwezi."

"Colleen?"

"Hawezi."

"Elma?"

"Elma naye hawezi. Angekuwa anaweza angekwishamrudisha zamani."

"Basil?"

"Mimi?" Basil akaita kutoka sebuleni, ambako alikuwa amesikia kila neno. "Mimi hata chupa ya achali siwezi kufungua." Kisha akaongeza: "Ningekuwa naweza, Arvo, ningemtoa. Naapa."

Arvo aliutoa mkono wa Ruthanne kapuni. Akalichukua kapu lenyewe, akalipindua. Vilivyobaki vikaanguka sakafuni: kikombe, mswaki, ule mpira wa raba. Kapu likasema "Imekwisha, imekwisha," kwa sauti ya Colleen, likachanganyikiwa, likanyamaza. Arvo akapiga magoti akiwa na koti lake zito, akapapasa ndani ya kapu, pembe zote, mpaka kwenye ukili wa chini. Akapapasa sakafu. Alifanya hivyo kwa makini, bila haraka, kama mtu ambaye hajawahi kupoteza kitu na ndio kwanza anajifunza.

Halafu akaanza kulia. Hakulia kama watu wazima wanavyolia, kwa kujizuia. Alilia wazi, kinywa kikiwa wazi, kilio cha mtu aliyepigwa. Ruthanne alipiga magoti karibu naye na kumkumbatia na koti lake na kila kitu, na kitu cha kwanza alichohisi, Mungu amsamehe, kilikuwa nafuu. Arvo hatimaye yuko msibani pamoja nao. Kitu cha pili kilikuwa aibu kwa ajili ya ile nafuu. Basil alikuja akipapasa ukuta, akaketi sakafuni kando yao.

Ilichukua muda. Kilio kikapungua, kikawa pumzi za kukatika. Mkono wa Arvo ukatangatanga sakafuni, ukagusa kikombe, ukakiinua.

"Kikombe?" akauliza.

"Kikombe naweza," akasema Ruthanne. "Kikombe kesho kipo."

"Kijiko?"

"Naweza."

"Mswaki?"

"Naweza, Arvo. Vyote hivyo naweza."

Akakilaza kikombe mapajani. Ruthanne alidhani wamefika. Alianza kujinyanyua, maana zamu yake ilikwisha na mwenzake wa usiku alikuwa akiegesha gari nje, taa zikipita kwenye dirisha ambalo kati ya watu wa chumba kile yeye peke yake aliliona. Lakini Arvo alikuwa ameshika mkono wa sweta yake, na vidole vyake vilikuwa vikipanda polepole kutoka kifundoni hadi kiwikoni, kiwikoni hadi begani, kama anavyopapasa kitu kipya kilicholetwa rafuni.

"Ruthanne."

"Naam."

"Ruthanne nani anarudisha?"

Hakuelewa mara moja. "Narudisha mimi, nimeshakwambia..."

"Hapana." Akamgonga kifuani kwa kidole. "Ruthanne. Nani anamrudisha?"

Miaka yote ile, kila akitoka, Ruthanne alimwambia Arvo "Kesho nakuja," bila kulifikiria, kama mtu anavyofunga kitasa. Sasa maneno yalikuwa kinywani na hayakutoka. Mwenzake wa usiku akafungua mlango, baridi ikaingia, akasimama hapo akiwatazama watatu wale sakafuni, akauliza kuna nini.

"Hakuna," Ruthanne akamwambia Arvo. "Hakuna anayenirudisha. Naja tu mwenyewe, nikiwa hai."

Arvo alilisikia hilo. Hakuiachia sweta. Ruthanne akamwambia mwenzake aufunge mlango, akakaa tena sakafuni.